Chakula cha Kiangazi Hupikwa Masika

Wenzangu wengi wameandika juu ya mapenzi ya ujanani na ajali za barabarani. Mimi nimeamua kuandika juu ya tumbo. Tafadhali msicheke. Nataka kuwaeleza vyakula ambavyo wazee wetu huvila na kuvinywa katika miezi ya joto, jinsi vinavyotayarishwa, na kwa nini vikawa hivyo wala si vingine. Baadaye nitawapeleka Japani kidogo, halafu tutarudi Misikhu kabla kengele haijalia.

Kila anayeishi Misikhu anaijua Januari. Mvua ya mwisho huwa imekwisha kuaga, mahindi yamevunwa, na mashambani yamebaki mabua matupu. Lami ya barabara iendayo Kitale humetameta kwa mbali kama maji ya ziwa, lakini ukifika pale hakuna ziwa. Ni uongo wa jua tu. Hata Mlima Elgon hufichwa na vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Sisi wanafunzi wa kutwa ndio mashahidi wa kweli wa jua hilo, kwa sababu hutusindikiza mchana kutwa na jioni hutufikisha hadi mlangoni.

Kwetu mvua huanza kati ya Machi na Aprili, nayo huendelea kwa vipindi hadi karibu Novemba. Miezi inayobaki, yaani Desemba, Januari, Februari na siku kadhaa za Machi, ndiyo kiangazi. Miezi hiyo humletea mpishi matatizo matatu. Kwanza, mboga za majani hukauka bustanini. Pili, chakula kilichopikwa huchacha upesi kwa ajili ya joto. Tatu, mlaji mwenyewe hukosa hamu ya kula. Anataka maji na kivuli basi. Mpishi wa zamani hakuwa na jokofu. Alikuwa na chungu, jua, moshi na akili.

Tuanze na maji, kwa maana jua likikolea maji ndiyo chakula cha kwanza. Nyumbani kwa kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, kuna mtungi wa udongo uliowekwa pembeni juu ya mchanga uliolowa. Maji yake ni baridi kuliko yale ya kwenye jerikeni ya plastiki, hata kama yote yametoka kisima kimoja. Zamani nilidhani ni uchawi, mpaka mwalimu wetu wa Fizikia alipotufungua macho. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo sana visivyoonekana. Maji kidogo hupenya vitundu hivyo na kutokea nje, ndiyo maana mtungi huonekana kama unatoa jasho. Jasho hilo likigeuka kuwa mvuke huchukua joto la mtungi na la maji yaliyomo. Ni sawasawa na mwili wa mtu aliyetoka kukimbia. Plastiki haitoi jasho, kwa hiyo maji yake huwa vuguvugu kama ya kuogea. Lakini jihadharini, wasomaji: mtungi hupoza maji, hauui viini vya maradhi. Kukhu huyachemsha maji kwanza jioni, akayaacha yapoe, ndipo akayamimina mtunginim asubuhi yakawa tayari.

Ndugu zetu wa pwani nao wana kiangazi chao, miezi ya upepo wa kaskazi. Wao walikuwa na mitungi kama yetu, wakichota maji kwa kata ya kifuu cha nazi, na wengine huifukiza mitungi yao kwa ubani ili maji yanukie. Juu ya hayo wana madafu na maji ya ukwaju. Sisi huku hatuna madafu wala ubani. Sisi tuna muwa wa kutafuna njiani, na maji yanayonukia udongo uliopata mvua.

Baada ya maji ni uji. Hapa ndipo nilipopatwa na mkasa, kwa hiyo nitaueleza uji kwanza, kisha mkasa wenyewe.

Uji wa kiangazi kwetu si huu uji wa sukari wa asubuhi. Ni uji mchachu wa wimbi. Wimbi kwa Kibukusu huitwa bulo. Kukhu huchukua unga wa wimbi, mara nyingine akauchanganya na unga wa mtama au wa muhogo mkavu, akaukoroga kwa maji safi ya vuguvugu ndani ya chungu. Halafu huongeza kikombe cha ule uliobaki wa safari iliyopita, maana huo ndio mbegu yake. Chungu hufunikwa na kuwekwa karibu na mafiga, mahali penye ujotojoto, kwa siku mbili hivi. Ukitega sikio utausikia ukinong'ona. Siku ya tatu huchemsha maji, akaumimina ule mchanganyiko huku akikoroga kwa mwiko mpaka uive. Ukishapoa hunywewa baridi, bila kupashwa moto tena, nao hukaa hadi kesho yake bila kuharibika, wakati uji wa kawaida ungekuwa umekwisha kutupwa.

Kwa nini? Mwalimu wetu wa Bayolojia alieleza kwamba ndani ya mchanganyiko ule kuna bakteria wazuri ambao hula sukari ya nafaka na kutoa asidi iitwayo asidi ya laktiki. Ni asidi iyo hiyo inayoyafanya maziwa kuganda. Viini vingi vinavyoharibu chakula na kuleta magonjwa ya tumbo haviwezi kustawi mahali penye asidi. Fauka ya hayo, uchachu huo hulegeza vitu vilivyomo katika nafaka ambavyo hufungia madini kama chuma, hivyo mwili huyapata kwa urahisi zaidi. Wimbi lenyewe lina madini ya kalsiamu kwa wingi, zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100, kiasi ambacho mahindi hayakaribii hata kidogo. Kwa hiyo mtu aliyekosa hamu ya kula kwa ajili ya joto anakunywa kikombe kimoja, anakata kiu, na wakati huo huo amekula.

Sasa mkasa. Februari mwaka huu nyumbani hatukuwa na pesa za chakula cha mchana cha shuleni. Baba yangu ni fundi wa mawe, na kazi zilikuwa zimepungua. Kukhu akanijazia uji mchachu katika chupa kubwa ya plastiki, nikaja nao. Kumbe uji ule ulikuwa bado unafanya kazi yake, na joto la darasani likauchochea. Saa saba nilipofungua kizibo kikalia "tsss!" na harufu ikatambaa hadi dawati la nyuma. Mtu mmoja akapaaza sauti, "Busaa! Jamaa ameleta busaa!" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wa zamu alikuwa anapita dirishani. Akaingia, akainusa chupa, akauliza, "Hii ni ya nani?"

Wasomaji, naandika jambo hili kwa aibu. Nilisema, "Si yangu, mwalimu. Ni ya ajuza mmoja, alinipa njiani nimpelekee mtu."

Ajuza mmoja! Huyo ndiye kukhu aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Mwalimu hakunisadiki, wala simlaumu. Akaniambia nije kesho na mzazi. Baba alikuwa kazini mbali, basi aliyekuja ni kukhu mwenyewe, na fimbo yake na kikapu chake, jua likiwa utosini. Ofisini aliomba vikombe viwili. Akamimina uji, akanywa kwanza yeye kama ilivyo desturi, kisha akampa mwalimu kikombe cha pili. Mwalimu akaonja. Akanyamaza. Akanywa chote. Halafu akasema, "Kukhu, nisamehe. Uji huu sijaunywa tangu nilipokuwa mdogo kwa mama yangu. Kijana huyu alituambia ni wa ajuza mmoja, ndiyo maana tukawa na shaka."

Kukhu hakusema neno. Aliniangalia tu, na mimi nikaangalia sakafu. Tuliporudi nyumbani tulitembea kimya hadi tulipofika kwenye kijito. Pale akasimama, akaniambia polepole, "Ajuza mmoja amechoka. Hebu mbebee kikapu."

Nikakibeba. Tangu siku hiyo nikaanza kujifunza kazi zake. Rafiki zangu wengine walinicheka, wakasema mimi nimeshatahiriwa Agosti 2024, na kijana aliyetahiriwa hana kazi jikoni. Nilipomweleza kukhu maneno hayo alicheka sana, akasema, "Kisu kilikukata wewe, hakikuikata njaa." Haya basi, nitawaeleza mengine niliyojifunza.

La kwanza ni mboga zilizokaushwa, na hapa ndipo lilipo fumbo la kichwa cha makala hii. Mwezi wa tano na wa sita, mvua ikiwa imekolea, majani ya kunde huwa mengi hata watu huchoka kuyala. Kunde kwetu ni likhubi. Wakati huo ndipo kukhu huchuma majani machanga, huyachambua, huyachovya kwa muda mfupi katika maji yanayochemka, kisha huyatandaza juu ya uteo. Yakikauka huyatia katika chungu au mfuko safi na kuuning'iniza juu ya jiko, ambako moshi huwafukuza wadudu. Mnamo Januari, wakati majirani wanazunguka sokoni wakitafuta sukuma wiki iliyopanda bei, kukhu anakishusha chungu chake. Aliniambia kwa Kibukusu, nami naitafsiri: "Chakula cha kiangazi hupikwa masika. Ukingoja kiangazi ndipo uanze kupika, utapika mawe." Wahenga nao walisema akiba haiozi. Nilikuwa nikiikariri methali hiyo kwa ajili ya mtihani tu. Sasa nimeiona ikiwa ndani ya chungu.

Majani makavu hulowekwa majini hadi yalainike, kisha huchemshwa kwa munyu wa kienyeji. Munyu huo si chumvi ya dukani. Maganda makavu ya maharagwe au ya ndizi huchomwa, majivu yake yakatiwa katika kopo lenye vitundu chini, kisha maji yakamiminwa juu. Yanayodondoka chini ni maji ya rangi ya chai. Yana potasiamu nyingi, nayo ni alkali, yaani kinyume cha asidi. Kazi yake ni kulainisha majani magumu na kuondoa ukakasi. Kidogo tu hutosha. Ukizidisha mboga huwa na ladha ya sabuni. Mwishoni hutiwa maziwa, au karanga au simsim iliyosagwa, ikaliwa kwa busuma bwa bulo, yaani ugali wa wimbi. Msomaji, ukiila mboga hiyo hutauliza nyama iko wapi.

Kuna jambo moja ambalo hata wazee wengine hawalitilii maanani. Majani yakianikwa juani moja kwa moja hupoteza sehemu kubwa ya vitamini A na C. Yakikaushwa kivulini penye upepo hubaki na vitamini zaidi na rangi yake ya kijani. Isitoshe, watu wengine huanika mboga kando ya barabara, na vumbi la magari likafanya kazi ya chumvi. Hiyo si mila, ni uzembe.

La pili ni viazi vitamu na muhogo. Ndugu zetu Wateso, tunaopakana nao upande wa magharibi, huvikata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika hadi vikauke kama vibao. Huviita amukeke. Huvichemsha wakati wa ukame, na vikichanganywa na maharagwe au karanga ni chakula kamili. Muhogo nao huvundikwa au hulowekwa, hukaushwa, kisha husagwa pamoja na wimbi au mtama. Kuvundika na kukausha huko si urembo. Muhogo mchungu una sumu, na mtu akiharakisha kwa sababu ya njaa anaweza kujidhuru. Wazee hawakujua jina la sumu hiyo, lakini walijua dawa yake ni subira.

La tatu ni maziwa. Nyasi zikikauka ng'ombe hutoa maziwa machache, na yale machache huharibika upesi. Kwa hiyo hugandishwa makusudi. Ukipanda kwenda Kitale na Mlima Elgon, Wasabaoti na Wakalenjin wengine wana mursik. Wao husugua ndani ya kibuyu kwa mkaa wa mti uitwao senetwet, halafu humimina maziwa na kuyaacha yagande. Mkaa ule huyapa maziwa rangi ya kijivujivu na harufu ya moshi. Hapo tena, wasomaji, ni asidi ile ile ya uji wa kukhu. Makabila mbalimbali, lugha mbalimbali, lakini bakteria ni wale wale!

La nne ni zawadi ya kufunga kiangazi. Baada ya dhiki faraja. Mvua ya kwanza ikigonga ardhi iliyopasuka, kumbikumbi hutoka vichuguuni. Sisi huwaita chiswa. Watoto huziba matundu, wakaacha tundu moja na kulichimbia shimo mbele yake, ili wadudu waingie humo. Kuna aina nyingine ambayo huitwa kwa kugongagonga vijiti juu ya kichuguu. Wazee husema wadudu hao hudhani ni matone ya mvua. Hukaangwa bila mafuta, kwa sababu wana mafuta yao wenyewe, kisha hutiwa chumvi kidogo. Baada ya miezi mitatu ya mboga kavu, mwili ulikuwa unahitaji mafuta na protini, na hiyo hapo imejileta kwa mabawa yake.

Sasa tusafiri kama nilivyoahidi. Mwalimu wa Jiografia alipotufundisha juu ya Japani, nilipekua vitabu nijue kama nao wana chakula cha joto. Kumbe wanacho, na chao kina hata tarehe! Kiangazi chao ni Julai na Agosti, na ni joto lenye unyevu, jasho halikauki mwilini. Kuna kipindi cha siku 18 kabla ya mwanzo wa majira ya kupukutika majani katika kalenda yao ya zamani, nacho huitwa doyo. Siku moja maalumu katika kipindi hicho watu hula samaki aina ya mkunga aliyechomwa juu ya makaa na kupakwa mchuzi mtamu wa soya, ili wapate nguvu. Inasimuliwa kwamba muuzaji mmoja wa mikunga hakuwa akipata wateja wakati wa joto, akaenda kwa mtaalamu wa karne ya 18 aliyeitwa Hiraga Gennai, naye akamshauri aweke bango dukani la kutangaza kuwa leo ndiyo siku ya mkunga. Watu wakaja kwa wingi. Ikiwa ni kweli, basi mila nyingine huanzia dukani.

Hunywa pia chai ya shayiri iliyokaangwa, baridi, isiyo na majani ya chai hata kidogo. Hula tambi nyembamba za ngano zilizopozwa katika maji. Katika mji wa Kyoto, tarehe 30 Juni, hula kitumbua cheupe chenye pembe tatu na maharagwe mekundu juu. Pembe zile ni mfano wa kipande cha barafu. Zamani barafu ya kiangazi ilikuwa ya wakubwa tu, ikihifadhiwa mashimoni tangu wakati wa baridi. Mtu wa kawaida hakuipata, basi akala picha yake.

Lakini kilichonigusa zaidi ni tunda lao liitwalo ume, ambalo hufanana na plamu. Huchumwa mwezi wa Juni, hutiwa chumvi nyingi, kisha katika siku za doyo, jua likiwa kali kuliko wakati wote, huanikwa kwa siku tatu hivi. Huwa kali na chachu hadi meno hufa ganzi, lakini hukaa miaka, na hufanya wali usiharibike upesi. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka kukhu. Jua lile lile linalochoma bustani ndilo linalokausha akiba. Dawa ya moto ni moto. Mjapani na Mbukusu hawajawahi kuonana, lakini wote wawili walimgeuza adui akawa kibarua.

Japani pia ina funzo la kutuonya. Mikunga imevuliwa mno, na mwaka 2014 mkunga wa Japani aliingizwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Watu waliishika mila ya kula lakini wakakisahau kinachotunza chakula chenyewe. Sisi tunafanya kinyume chake: mbegu ipo, lakini mila ndiyo inayotutoka.

Wimbi lilirudi nyuma mahindi yalipotawala. Mahindi asili yake ni Amerika, na mwaka 1964 kituo cha utafiti cha hapo Kitale kilitoa mbegu chotara ya H611 iliyozaa vizuri kuliko za zamani. Siyatukani mahindi. Mimi mwenyewe ni mtoto wa githeri, na karo yangu hulipwa kwa magunia. Lakini mahindi hushambuliwa na fukusi ghalani, ilhali punje ya wimbi ni ndogo mno hata mdudu hukosa mahali pa kukaa, nayo hukaa miaka ikiwa kavu. Ndiyo maana mzee wa zamani alipanda mazao mengi, kila moja na kazi yake. Siku hizi tumeweka mayai yote katika kiota kimoja, na Februari ikifika tunanunua unga wa pakiti kwa bei ya muuzaji. Usitupe mbachao kwa msala upitao.

Labda mtu atauliza: si hivi ni vyakula vya umaskini? Hata mimi nilifikiri hivyo, ndiyo maana nikamkana kukhu mbele ya mwalimu. Lakini hebu tufikiri pamoja. Mtu anayejua mwezi wa tano atakachokula mwezi wa pili ni maskini wa nini? Umaskini niliouona ni wangu mimi, niliyekuwa na chakula mkononi nikaona haya kukinywa.

Macho ya kukhu yameingia mtoto wa jicho, haoni vizuri tena. Anajua mboga imekauka kwa kuiponda karibu na sikio lake na kusikiliza. Masika haya tuligawana kazi: mimi nilichuma na kuchambua, yeye akasikiliza. Mzigo wangu wa kwanza niliufungia mfukoni kabla haujakauka sawasawa, kwa haraka ya kwenda kucheza mpira. Baada ya wiki mbili ulikuwa na ukungu mweupe, tukautupa wote. Kukhu alinipa jani moja zuri na kuliponda sikioni mwangu. Lililia kama karatasi. "Likinyamaza," aliniambia, "bado." Mzigo wa pili ulilia. Sasa uko katika chungu juu ya jiko, na kando yake kuna kibuyu cha mbegu za kunde zilizochanganywa na majivu ili zisiliwe na wadudu. Kibuyu hicho alinikabidhi mimi, wala si binamu zangu, na hakunieleza sababu.

Nawaomba wanachama wenzangu jambo moja. Likizo ya Desemba ikifika, kila mmoja aende kwa kukhu wake, kuka wake au mzee yeyote kijijini, amwulize: mlikuwa mkila nini jua likiwaka? Andikeni majina ya vyakula, mbegu zake na namna ya kuvitayarisha. Tukirudi tuvisome hapa chamani. Wazee wetu ni ghala, na ghala lisipofunguliwa kwa wakati, siku moja tutalikuta tupu.

Hapa natia nanga, maana mhariri amenipa kurasa chache. Kiangazi kijacho nitakuja tena na chupa yangu. Nimeiandika jina langu na la kukhu kwa wino usiofutika. Kizibo chake bado kitalia "tsss", na anayetaka kuonja aje na kikombe chake.